DT ya zamani yaruka gia? Usikubali injini ipasuliwe kabla hujafanya haya

Mie pikipiki yangu ya Yamaha DT175 ya gia sita nliinunua hapahapa Malindi kwa Mtaliano mmoja alokuwa anahama, ilikuwa imekaa miaka chini ya turubai, na mwezi wa pili tu ikaanza kuniruka gia ya pili. Nikiwa napandisha njia ya Marafa, nikifungua mafuta kidogo tu, tak! gia imetoka, injini yalia peke yake na pikipiki yasimama kama punda alogoma. Nikaipeleka kwa fundi, jina silisemi, akaisikiza dakika mbili akasema giaboksi imekufa hio, lazima injini ipasuliwe. Wiki mbili injini iko ndani ya karai la kufulia, gia zimechanganyika na bolti na mchanga, na iliporudi ikawa yaruka vilevile na juu yake yavuja oili. Kumbe ugonjwa ulikuwa springi moja haifiki urefu wa kidole changu cha mwisho, iko nyuma ya kava ya klachi, yaani hata injini haikuwa na haja ya kutoka kwenye fremu.

Kwa hio haya nayoandika ni kwa wale wenye hizi mashine za zamani, DT, TS za Suzuki, XL za Honda na ndugu zao, kuna watu bado wanazo toka zile za kazi za mashambani miaka ya themanini, wengine wamezikuta kwa baba zao. Mfano wangu ni DT kwa sababu ndio naijua kwa mikono.

Jambo moja uelewe kabla hujashika spana. DT ni tustroki, oili ya giaboksi na oili ya injini ni vitu viwili mbalimbali. Ile ya kutangi dogo la pembeni inaenda kuungua na petroli, ile ya chini inalainisha gia na klachi na haitakiwi kupungua kamwe. Vijana wetu wa boda wamezoea Boxer na TVS ambazo oili moja yafanya kazi zote, ukimwachia DT atajaza tangi la pembeni aseme oili iko sawa, na kule chini gia zinasagana kavu. Usimlaumu, hajaziona hizi. Lakini muulize kwanza.

Na la pili, kasha la injini ya DT limegawanywa wima, kushoto na kulia. Kuifikia gia yenyewe lazima utoe silinda, sumaku ya upande wa kushoto, klachi upande wa kulia, alafu ndio ulitenganishe. Ni kazi kubwa na kila ikifunguliwa unataka gasketi na sili mpya. Ndio maana twaanza nje twaingia ndani pole pole, sio kinyume chake.

Haya, anza na daftari. Sio mzaha. Chukua karatasi andika gia ya kwanza mpaka ya sita, alafu toka barabarani, mahali hakuna magari, mie huenda ile njia ya Ganda asubuhi mapema. Kila gia ijaribu ukiwa unakaza mafuta na ukiwa umeachilia mafuta, ikiwa baridi na ikishapata moto. Andika ipi inatoka, ipi inakataa kuingia, ipi yapiga kelele. Hii karatasi ina thamani kuliko masikio ya fundi yeyote, kwa sababu gani: kama shida iko gia zote, mara nyingi giaboksi yenyewe haina kosa, ni klachi ama ule mtambo wa kubadilisha gia ulioko nje ya kasha. Kama ni gia mbili maalum, shuku foki, kile kipande cha ndani kama uma kinachosukuma gia, maana foki moja kwa kawaida ndio yasukuma gia ya pande mbili. Kama ni gia moja peke yake na yatoka ukikaza mafuta, hapo ndio meno ya ubavuni ya hio gia yamelika, yamekuwa mviringo kama sabuni ya kipande. Hapo pia usikate shauri bado, kwa sababu gia ya pili ndio inayopata tabu zaidi kuliko zote, yapita fri kila mara kutoka ya kwanza na watu wanaibadilisha kwa mguu wa kubembeleza. Yangu ilionyesha ya pili tu na bado haikuwa gia.

Ukisharudi, zima, tazama pedeli ya gia. Ishike utingishe. Ikicheza kwenye shafti yake basi vile vijino vya ndani vimelika, mguu wako wasukuma pedeli lakini shafti haizunguki yote, gia yaingia nusu. Nimeona mtu ametumia pesa ya klachi nzima na kosa ni bolti ya pedeli imelegea. Alafu chungulia kama shafti imepinda, hizi pikipiki zimeanguka sana, zikianguka kushoto pedeli yagongwa kwa ndani na shafti yapinda pale inapotoka kwenye kasha, utaona sili yake imeloa oili na pedeli ikipandishwa hairudi katikati vizuri. Pedeli isiporudi yenyewe kabisa, springi ya kurudisha imekatika, iko ndani ya kava, twaja huko.

Toa na kava ndogo ya sproketi ya mbele. Hapa kwetu utakuta mambo. Mie nlikuta uzi wa nailoni wa wavu umejizungusha nyuma ya sproketi umekata sili kama wembe, ndio oili ilikuwa yatokea, nayo barabara ya Ngomeni imejaa vipande vya nyavu. Safisha, tingisha sproketi kwa mkono: ikicheza kwenye shafti, ule mgongano wa kla-kla unaosikia ukiachia na kukaza mafuta unatoka hapo, sio ndani. Cheni ikiwa imelegea sana ama ina sehemu iliyokaza nayo yaweza kukuambia uongo uleule. Rekebisha cheni kwanza, jaribu tena, kisha endelea.

Sasa oili, na hapa kaa sana. Washa injini ipate joto kidogo, zima, weka karai safi chini, fungua nati ya kumwagia. Usiimwage tu chini ya muembe, hio oili ndio ripoti ya daktari. Ipitishe kwenye kitambaa cheupe, kipande cha kanzu kuukuu chafaa kabisa. Chukua sumaku ya spika mbovu upitishe chini ya karai. Ukipata unga wa kijivu laini kama lami nyembamba, sawa, gia zote za dunia zatoa huo. Ukipata vipande vyenye kona vinavyonasa kwenye sumaku, hivo ni meno ya gia ama ganda la beringi, na hapo kwa kweli huna safari zaidi, acha kuendesha. Vipande vyeupe vinavyong'aa na havinasi sumaku ni aluminiamu, kuna kitu chasugua kasha. Vya manjano ni bushi. Vya kahawia ama vyeusi vinavyovunjika ukivibana kwa kucha ni klachi.

Rangi ya oili nayo yasema. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa imeingia maji, na DT inapozwa na hewa haina radieta, kwa hio maji yametoka nje, umeivusha maji ya mvua yamefika kwenye injini ama umeiosha na pampu ya kusukuma. Beringi zikikaa na maji ya chumvi hata wiki moja zinaota kutu na mlio hautaisha tena. Ikinuka petroli na imekuwa nyingi kuliko ulivotia, ama ikiwa kila mara yapungua wala huoni mahali inapovuja, geuza macho kwenye ekzosi: moshi mweupe mzito, plagi imeloa, harufu kama ya oili ya gari ikiungua, hio ni sili ya krenki upande wa klachi imekufa, injini yanyonya oili ya gia. Gia zako huenda ni nzima kabisa, zimeishiwa oili tu.

Kabla ya kurudisha mpya, chagua vizuri. Klachi imo ndani ya oili hiihii kwa hio usitie ile nzito ya difu la lori, pleti zitagandana, na usitie ile ya gari yenye maneno ya kuokoa mafuta, klachi itateleza. Tafuta ya pikipiki, 10W-30 ama 10W-40, chupa iwe na alama ya JASO MA, ndio yaonyesha yafaa klachi iliyo ndani ya oili. Mie yangu hutia mililita 650, napima na chupa ya maji ya nusu lita pamoja na glasi, sikisii.

Watu wengi huponea hapohapo kwenye oili. Ikiwa bado, njoo kwenye klachi. Jirani yangu mmoja mzee wa Muyeye alinijia na TS yake, "Mwanangu, hii gia imekataa katakata, na mafundi wameniambia ni kununua injini nyingine." Nikamwambia, "Shikamoo kwanza mzee, tia gia na injini imezimwa, uisukume mbele nyuma huku wabadilisha." Zikaingia zote, moja baada ya moja, laini. Akawasha, hakuna hata moja. "Hio si gia mzee, hio ni klachi haiachii."

Huo ndio mtihani wenyewe wa klachi na hauhitaji spana hata moja. Ikiwa gia zaingia vizuri na injini imezimwa, na ikiwashwa zakataa ama zagonga krrr, klachi inaburuza. Zikikataa hali zote mbili, mtambo wa kubadilisha ndio una shida. Ukikaza mafuta injini ikapiga resi na mwendo hauongezeki, hio ni klachi inateleza, watu wengi hudhani gia imeruka lakini sio sauti moja, gia ikiruka kuna tak na mguu wako wausikia, klachi ikiteleza hakuna tak. Kwanza tazama waya: mkono wa klachi uwe na nafasi kama milimita mbili tatu pale kwenye kiungo kabla haujaanza kuvuta. Hauna nafasi, yateleza. Una nafasi nyingi, yaburuza. Na waya wa hapa pwani waota kutu ndani ya ganda lake ukiuona nje safi, uvute kwa mkono ukiwa umeutoa, ukikwama tupa. Yule mzee waya wake ulikuwa umebaki nyuzi tatu.

Umeshapita hapo na tatizo bado? Weka pikipiki juu ya kreti ya soda, gurudumu la nyuma liwe hewani, toa plagi injini izunguke bure. Zungusha gurudumu kwa mkono mmoja na mkono mwingine usukume pedeli, hesabu gia zote kwa sauti. Lazima uzungushe, gia hazikutani zikiwa zimesimama, wengi wanasukuma pedeli kwa nguvu mashine imesimama alafu wanapinda foki wenyewe. Kila gia ikishaingia zungusha taratibu, sikiza mkononi. Jino lililovunjika lajitambulisha hapa: pagumu, tak, laini, na tena palepale kila mzunguko. Ukikuta gia yaingia alafu ukiachia pedeli yarudi fri yenyewe, ama wapata fri nyingine ya uongo kati ya ya nne na ya tano, andika, ni dalili ya kitu kisichoishikilia dramu, ule mtungi wa ndani unaozunguka kuchagua gia.

Kelele za kuzomea nazo zina njia yake. Washa, weka fri, achia mkono wa klachi usikize, kisha vuta. Kelele ikinyamaza ukivuta, yatoka kwenye shafti ya kwanza na beringi zake, ama ni kikapu cha klachi chacheza. Kelele ikianza ukivuta, ni kile kinachosukuma klachi, fimbo na gololi yake. Ukiwa mwendoni umevuta klachi na kelele ipo bado yafuata mwendo wa gurudumu, shuku beringi ya shafti ya pili, lakini kwanza uwe umeshaangalia cheni na beringi za gurudumu. Tumia bisibisi ndefu kama stetoskopu, ncha kwenye kasha, mpini kwenye mfupa wa sikio. Nywele na kikoi mbali na cheni tafadhali.

Sasa kava ya kulia. Hapa ndio nlipoponea na hapa ndio watu wanaharibu. Skrubu za Kijapani kichwa chake ni cha nyota lakini sio nyota ya bisibisi zetu za dukani, ncha yateleza, kichwa chalika, na huku chumvi ya bahari imeshaichomelea skrubu ya chuma ndani ya aluminiamu miaka arobaini. Tia oili ya kulegeza kutu usiku uliotangulia. Asubuhi mwagia maji moto sana kwenye kava, gonga kila kichwa mara mbili tatu na nyundo ndogo, kisha tumia bisibisi ile ya kugongwa na nyundo. Usikimbilie drili. Zikitoka zote tupa, weka bolti za aleni na grisi kidogo kwenye uzi, mtu atakaekuja baada yako atakuombea dua. Oili iwe imeshamwagwa ama ulaze pikipiki ubavu wa kushoto. Toa kiki, toa pedeli ya breki, legeza kava kwa nyundo ya mpira, usiingize bisibisi kati ya nyuso za gasketi. Zichome skrubu kwenye kipande cha boksi ulichokichora umbo la kava, maana urefu wake haulingani na ukiirudisha ndefu pahali pa fupi utapasua kasha.

Klachi sasa iko uso kwa uso na wewe. Toa springi na pleti, zipange kwa utaratibu ulivozitoa. Pleti za chuma zilaze juu ya kioo cha dirisha, zikiyumba zimepinda. Vidole vya kikapu pitisha ukucha, ukikuta vijimitaro pleti zinanasa humo ndio maana inaburuza, vijimitaro vidogo vyaweza kusawazishwa na tupa, vikubwa tafuta kikapu kingine. Kuitoa nati kubwa ya kati usiibane na bisibisi katikati ya meno, utavunja jino ndio uwe na ugonjwa wa kweli. Chukua pleti mbili kuukuu, moja ya chuma na moja ya msuguano, mpelekee mchomeleaji azichome pamoja na kipande cha bapa kiwe mpini, umepata kifaa cha kushikilia klachi kwa bei ya soda.

Nyuma ya kikapu ndio kuna siri. Utaona mwisho wa dramu ya gia, una mapengo mviringo kama nyota, na kimkono chenye kigurudumu kidogo kinavutwa na springi kukaa ndani ya pengo. Kila gia ina pengo lake. Hio springi ikikatika ama ikilegea, dramu haishikwi, gia yaingia nusu nusu, ukikaza mafuta yatoka. Yangu ilikuwa imekatika ncha, na ncha yenyewe naikuta imelala chini ya kasha. Fundi aliepasua injini alikuwa ameifungua kava hii hii kufika huko ndani, akairudisha springi mbovu mahali pake akafunga. Sikuweza hata kukasirika, nlicheka peke yangu gerejini.

Tazama na springi ya kurudisha pedeli, na ule mkono wenye kucha unaosukuma pini za dramu. Yamaha nyingi za zamani zina skrubu ya kurekebisha ambayo shina lake halikai katikati, ina nati ya kufungia. Weka gia ya pili ama ya tatu, angalia kucha mbili ziko mbali sawa na pini, juu na chini. Hazilingani, legeza nati, zungusha skrubu kidogo kidogo mpaka zilingane, funga. Kosa la hapa hukufanya upate shida ya kupanda gia lakini kushuka ni sawa, ama kinyume chake. Ukiona hio dalili kwenye daftari lako njoo hapa moja kwa moja.

Kama yote haya ni mazima, na karai lilitoa vipande vyenye kona ama gia moja yaruka bado, basi haya, ipasuliwe, sasa una sababu. Ikifunguliwa uwepo mwenyewe. Mwambie fundi shafti zitoke na gia zake zipitishwe kwenye waya kwa mpangilio, na washa zake (vile vipete bapa) usizipoteze, washa moja ikikosa gia zitakutana vibaya. Foki iliyobadilika rangi ya samawati imeungua, hata kama haijapinda usiirudishe. Meno ya ubavuni yaliyolika, badilisha gia zote mbili zinazokamatana, ukibadilisha moja ile kuukuu itaila mpya. Na akikwambia ataichomelea na welding kisha aichonge, mshukuru uondoke na gia zako. Beringi na sili zote weka mpya ukiwa humo.

Pleti mpya za klachi zilowekwe kwenye oili usiku kucha kabla ya kuzifunga. Ukishawasha sikiliza dakika kumi hapo nyumbani, kisha nenda daraja la Sabaki urudi, gia zote, taratibu, ukirudi imwage ile oili mpya hata kama yauma roho, pitisha sumaku tena kwenye karai ndio utie nyingine.